Wasia, Jinamizi na Dunia Inayotazamwa Kutoka Juu: Albamu Mpya za Progu kwa Msikilizaji wa Bagamoyo

Wimbo wa dakika 23 hauwezi kumtisha mtu aliyekulia pwani. Aliyezoea taarabu asilia anajua kwamba fidla na kanuni huongea kwanza, tena kwa kirefu, kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Aliyesomewa utenzi utotoni anajua kwamba beti mia tano si nyingi endapo kila ubeti unamvuta mwenzake. Kwa hiyo roki ya progresivu, au progu kama wapenzi wake wanavyoiita, inastahili wasikilizaji wengi zaidi hapa Bagamoyo kuliko ilio nao. Muziki huu ulianza Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, na lawama inayoufuata hadi leo ni ileile: mrefu mno. Kwa albamu nyingi lawama hiyo ni ya haki. Urefu si sifa wala si kosa. Cha kuuliza ni urefu huo unafanya kazi gani.

Utenzi una jibu lake. Kila kipande kina mizani 8. Vipande vitatu vya mwanzo wa ubeti vinashiriki kina kimoja, na cha nne kinarudi kwenye bahari, yaani kina kisichobadilika tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Msikilizaji akipotea katikati ya kisa, bahari inamrudisha. Wimbo mrefu wa progu uliotungwa vizuri nao una bahari yake: kipande kifupi cha muziki kinachorudi kila baada ya muda, mara kwa piano, mara kwa gitaa, mara kimegeuzwa kidogo, lakini sikio linakijua. Usiotungwa vizuri ni vipande sita vilivyobandikwa kwa gundi. Kwa kipimo hicho nimezipima albamu za kati ya Desemba 2023 na Machi 2025.

Iliyo bora kuliko zote ni The Overview ya Steven Wilson, iliyotoka tarehe 14 Machi 2025. Ina nyimbo mbili tu. "Objects Outlive Us" inakwenda dakika 23 na sekunde 17, na "The Overview" dakika 18 na sekunde 27. Jumla haifiki dakika 42, kipimo cha santuri ya zamani, wimbo mmoja kila upande. Wilson ni Mwingereza aliyeanzisha kundi la Porcupine Tree, na pia ndiye anayekabidhiwa kanda za zamani za makundi ya King Crimson, Yes na Jethro Tull azimiksi upya, yaani apange upya uwiano wa vyombo na sauti. Kazi hiyo imemfunza kitu kinachosikika hapa tangu mwanzo: kila chombo kina mahali pake pa kukaa, na hakuna kinachomkalia mwenzake.

Jina la albamu linatokana na hali ambayo mwandishi Frank White aliipa jina mwaka 1987, yale mabadiliko ya fikra yanayowapata wanaanga wakiitazama Dunia kutoka juu na kuiona ndogo, haina mipaka, iko peke yake gizani. Mada kubwa kama hii ni hatari kwa mtunzi, maana humvuta kwenye mahubiri. Wilson ameikwepa hatari hiyo kwa njia moja safi. Katika sehemu iitwayo "Objects: Meanwhile" amemwachia maneno Andy Partridge wa kundi la XTC, na Partridge akayaweka mambo madogo ya mtaani bega kwa bega na mambo makubwa ya angani. Hapa chini mtu ana shida yake ya siku moja. Kule juu, wakati uleule, nyota inakufa. Hakuna anayeambiwa ajifunze nini. Ukubwa na udogo vimewekwa kwenye mizani moja na msikilizaji ameachiwa aone mwenyewe.

Namna wimbo huo ulivyojengwa inafaa kufuatwa kwa makini. Unafunguka kwa sauti nyembamba ya juu ya Wilson, karibu peke yake, bila dramu. Sauti zinaongezeka moja juu ya nyingine, piano inaingia, na ndipo mdundo unakuja. Una sehemu nane, kila moja na jina lake, lakini hazina milango kati yake: melodia ya sehemu moja inarudi kwenye nyingine ikiwa imevaa nguo tofauti. Karibu na mwisho gitaa la Randy McStine linachukua nafasi na kupanda taratibu, halikimbilii kasi, halafu kila kitu kinayeyuka kwenye ukimya. Wimbo ungekuwa mfupi, hilo solo lingekuwa pambo. Kwa sababu limetanguliwa na dakika nyingi za kuminya na kuachia, likija linakuwa haki yake.

Upande wa pili una kasoro moja. Sehemu ya kwanza, "Perspective", ni mdundo wa kielektroniki na juu yake Rotem Wilson, mke wa mtunzi, anasoma kwa sauti isiyo na hisia ukubwa wa vitu vya angani, sifuri zikiongezeka kila hatua. Usikilizaji wa kwanza unasisimua. Kufikia wa nne ni orodha. Bahati nzuri baada yake inakuja "A Beautiful Infinity", wimbo wa kweli wenye melodia ya kuimbika, na mwisho kabisa "Permanence", ambapo saksafoni ya Theo Travis inaelea juu ya kinanda na hakuna kingine.

Na hapo kwenye "Permanence" ndipo vyombo vya nyumba nyingi za hapa vinaposhindwa. Kipande hicho kiko chini sana kwa sauti. Feni ya dari ikiwa kasi ya tatu inakimeza chote. Mvua ya masika juu ya bati inameza albamu nzima, kwa hiyo msimu huo tumia hedifoni au ahirisha. Anayeongeza sauti ili aisikie saksafoni, kisha akaurudia wimbo wa kwanza bila kupunguza, ataumizwa masikio pale dramu zinapoingia. Dawa ni kupanga sauti kwa kutumia sehemu yenye makelele zaidi, siyo iliyo kimya: cheza dakika za katikati za "Objects Outlive Us", weka sauti mahali unapoweza kuongea na jirani yako kwa kuinua sauti kidogo tu, halafu usiiguse tena hadi mwisho. Usiku baada ya Isha, feni kasi ya kwanza, ndiyo saa yake.

Sabufa ndiyo chombo cha wengi, na sabufa si adui wa progu kama wanavyodai wenye hedifoni za bei. Adui ni namna inavyowekwa. Boksi la besi likiwa kwenye kona ya chumba, kuta mbili na sakafu zinaiongeza besi, na gitaa la besi linageuka mngurumo usio na noti. Litoe kwenye kona walau hatua moja, punguza kitufe cha besi mpaka robo, na spika ndogo mbili zinyanyuliwe hadi usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, umbali kati yake uwe sawa na umbali wa kila moja hadi kwako. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe, kando ya Barabara ya India, zina tatizo jingine: kuta nene za mawe na chokaa zinarudisha sauti, na mpigo mmoja wa dramu unasikika kama miwili. Pazia zito ukuta wa nyuma na mkeka au zulia sakafuni vinapunguza sana. Ukisikia mikwaruzo upande mmoja, usimwite fundi kabla hujachomoa waya. Hewa ya chumvi ya baharini hula ncha za waya. Zifute kwa pamba yenye spiriti, ziache zikauke, zirudishe. Mara nyingi kazi imekwisha.

Kuhusu faili. Albamu ya dakika 42 kwa mp3 ya kilobiti 320 inakula takriban megabaiti 100 za bando, na kwa kilobiti 160 takriban 50. Faili kamili isiyobanwa ya ubora wa CD ni kama megabaiti 440, na FLAC huipunguza hadi karibu nusu au zaidi kidogo ya hapo bila kupoteza kitu. Kwa spika ya Bluetooth ya kawaida tofauti ya FLAC na mp3 ya 320 haitasikika, kwa sababu simu hubana sauti upya inapoituma kwa Bluetooth, usipoteze bando. Lakini jambo moja linasikika kwa kila mtu. Mp3 hukata sauti katika vipande vya sampuli 1,152, yaani vipimo vidogo vya sauti, na faili huongezewa ukimya kidogo mwanzoni na mwishoni ili vipande vitimie. Kwa nyimbo za kawaida hakuna anayejua. Kwa nakala zinazozunguka kwenye flashi, ambamo "Objects Outlive Us" imekatwa vipande vinane, ukimya huo unaangukia katikati ya noti na unasikika kama mtu amekwama kwa kwikwi. Tafuta nakala ya nyimbo mbili kamili. Kwenye programu ya muziki zima uchanganyaji wa nyimbo, na zima ile inayofifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine. Albamu hizi zimepangwa. Ukizichanganya umesoma utenzi kwa kuruka beti.

Baada ya Wilson, iliyokaa nami zaidi ni The Last Will and Testament ya Opeth kutoka Sweden, iliyotoka tarehe 22 Novemba 2024. Kwa msikilizaji wa Bagamoyo ina mlango ambao wa Stockholm hana, maana kisa chenyewe ni mirathi.

Ni miaka ya baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mzee tajiri amekufa, watoto wake watatu wamekusanywa nyumbani kusomewa wasia. Nyimbo saba za kwanza hazina majina, zina alama ya § na namba, kuanzia §1 hadi §7, kama vifungu vya hati ya sheria. Kila kifungu kinafungua siri. Mapacha, waliojiona warithi halali, wanaambiwa kwamba si damu yake. Binti mwenye polio, aliyelelewa nyumbani humo bila mtu kueleza kwa nini, ndiye anayepewa vyote. Wimbo wa nane ndio pekee wenye jina, "A Story Never Told", na ndani yake barua inafichua kwamba hata binti huyo si damu ya mzee.

Hapa pwani, ambako wengi wanajua kwamba wasia hauvuki theluthi ya mali na mafungu ya warithi yamekwisha pangwa, mtu anasikiliza kisa hiki kwa hasira ya ziada. Mzee wa Opeth ana uwezo ambao mzee wa hapa hana: kugawa kila kitu kwa hasira au kwa huruma, na kuwaadhibu watoto akiwa kaburini. Mtunzi, Mikael Åkerfeldt, anauelewa ukatili huo na ameupa sauti. Opeth walikuwa wameacha kunguruma, ile sauti nzito ya kooni ya metali, roki iliyo nzito kuliko zote, tangu Watershed ya 2008. Albamu nne zilizofuata zilikuwa za kuimba tu. Sasa mngurumo umerudi, na haukurudi ili kuwafurahisha mashabiki wa zamani. Mara nyingi ni sauti ya marehemu. Maneno yakitoka kwenye wasia, koo linanguruma. Watoto wakiwaza au wakisimulia, Åkerfeldt anaimba kwa sauti laini. Ukishashika hilo, hata asiyejua Kiingereza anaweza kufuata nani anaongea. Hiyo ndiyo kazi ya sauti mbaya: iwe na mwenyewe.

Ian Anderson wa Jethro Tull ameingia kama msimulizi na mpiga filimbi. Mahali pa kumsikiliza ni §4. Wimbo unaanza kwa fujo, kisha ghafla chini kabisa: kinubi, na juu yake filimbi yenye pumzi nyingi, ile ambayo unasikia hewa ikipita kabla ya noti. Halafu mngurumo unarudi na inakuwa kama mlango umefungwa kwa nguvu. Joey Tempest wa kundi la Europe naye ana nafasi fupi kwenye §2. Ala za nyuzi zimepangwa na Dave Stewart, mkongwe wa makundi ya Egg na Hatfield and the North, na hazikumwagwa juu ya gitaa kama mchuzi, zinajibu. Mpiga dramu ni mpya kwenye studio ya Opeth, Waltteri Väyrynen wa Finland, na mikono yake ni myepesi kuliko metali inavyozoea, kiasi kwamba sehemu za haraka hazichoshi.

Kasoro ipo: vifungu vinabadilika upesi mno. Ndani ya dakika 5 au 6 kuna mawazo manne, na mawili kati yake hayapewi nafasi ya kurudi. Bahari ya albamu hii iko kwenye kisa zaidi kuliko kwenye melodia. Asiyefuata maneno anaweza kuona vurugu hadi usikilizaji wa tatu. Nashauri hivi: anza na wimbo wa nane, uliotulia na wenye melodia wazi na solo refu la gitaa, uuzoee, ndipo urudi §1 na kwenda moja kwa moja dakika zote 51. Ukifika tena mwisho, utakuta wimbo uleule umekuwa mchungu.

Parasomnia ya Dream Theater, ya tarehe 7 Februari 2025, ilisubiriwa kuliko zote. Mike Portnoy, mpiga dramu na mwanzilishi, aliondoka mwaka 2010 akarudi Oktoba 2023, na hii ni albamu yake ya kwanza nao tangu 2009. Mada ni magonjwa ya usingizi: kutembea usingizini, hofu za usiku, na lile ambalo Kiswahili kinaliita jinamizi, mtu ameamka akili lakini mwili umegoma, na anaona kivuli cha mtu chumbani. Sisi tuna neno moja kwa kitu ambacho Waingereza wanahitaji maneno mawili kukieleza, na wimbo wa mwisho, "The Shadow Man Incident", ni huyohuyo mtu kivuli kwa dakika 19 na nusu.

Upigaji ni wa hali ya juu, hilo halina mjadala. Petrucci kwenye gitaa na Rudess kwenye kinanda wanaweza kukimbia sambamba noti kwa noti kwa kasi ambayo vidole vya wengine havifiki. Tatizo ni kwamba wanafanya hivyo katika kila wimbo, takriban mahali palepale, baada ya kiitikio cha pili. Dakika 71 ni nyingi kwa mawazo yaliyomo. "Night Terror" ina riff, kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia, ya kukumbukwa. "Dead Asleep", kisa cha mtu anayemnyonga mkewe akiwa usingizini akidhani anapambana na wavamizi, ina giza la kweli na ndiyo bora ya albamu. "Bend the Clock" ni wimbo wa taratibu ambao solo lake la mwisho limeimba kuliko kukimbia. Lakini "Midnight Messiah" imejaa marejeo ya nyimbo zao za zamani. Shabiki wa miaka 20 atatabasamu, mgeni hataambulia kitu. Na ule wimbo mrefu wa mwisho una mwanzo na mwisho vinavyojibizana, katikati yake kuna sehemu ambazo zingeweza kuhamishiwa wimbo mwingine na hakuna ambaye angegundua. Hiyo ndiyo gundi niliyoisema.

Miksi ya Andy Sneap ni nzito na ya karibu, dramu ya mguu iko mbele. Kwenye sabufa yenye besi ya juu, mguu wa Portnoy unafunika besi ya John Myung kabisa, na bila besi hiyo nusu ya ujanja wa midundo haisikiki. Kwa albamu hii punguza kitufe cha besi zaidi ya ulivyofanya kwa Wilson.

Kuna mbili za kupita haraka. Curious Ruminant ya Jethro Tull, Machi 2025, ni ya kupendeza na nyepesi, filimbi ya Ian Anderson bado ina ulimi, ingawa sauti yake ya kuimba imepungua upana na anaandika melodia zinazokaa ndani ya noti chache. "Drink from the Same Well", karibu dakika 17, ndiyo sababu ya kuinunua. The Likes of Us ya Big Big Train, Machi 2024, ni ya kwanza kwao na mwimbaji Alberto Bravin baada ya kifo cha David Longdon mwaka 2021. "Beneath the Masts" ni wimbo mrefu wa mtu anayekumbuka alikokulia, umetulia, shaba za tarumbeta zinaingia kwa adabu. Anayeogopa kelele aanzie hii.

Absolute Elsewhere ya Blood Incantation, Oktoba 2024, nayo ina nyimbo mbili tu kama ya Wilson, dakika 43 na kidogo, ila hawa ni watu wa metali ya kifo kutoka Marekani, wamerekodi kwenye studio ya Hansa mjini Berlin na kumwalika Thorsten Quaeschning wa kundi la Tangerine Dream kwenye vinanda. Mabadiliko kutoka kelele hadi utulivu wa vinanda ni makali, mengine hayana maandalizi kabisa. Inasisimua, na bado sijashawishika kwamba sehemu zake zinahitajiana.

Imebaki ya Peter Gabriel, i/o, ya tarehe 1 Desemba 2023. Wapo watakaosema hii si progu. Gabriel alikuwa sauti ya kundi la Genesis hadi 1975, na hata nyimbo zake fupi zina tabia hiyo ya kuficha ugumu chini ya urahisi. i/o ni nyimbo mpya za kwanza kwa albamu tangu Up ya 2002, nyimbo 12 zilizotolewa mojamoja kila mwezi mpevu kuanzia Januari hadi Novemba 2023, na kila wimbo una miksi mbili kamili za stereo. Bright-Side ni ya Mark Stent, na Dark-Side ni ya Tchad Blake. Wengi wanadhani tofauti ni ya urembo. Chukua "Playing for Time". Kwa Stent piano na nyuzi zinatandazwa pana, sauti ya Gabriel ikiwa kati na safi. Kwa Blake chumba kinakuwa kidogo, vyombo vina chembechembe, na sauti iko karibu kiasi kwamba pumzi zinasikika. Kwa spika ndogo ya Bluetooth chagua Bright-Side. Kwa hedifoni usiku, Dark-Side bila kusita. Besi ya Tony Levin na dramu za Manu Katché zinastahili miksi zote mbili, na kwaya ya Soweto Gospel Choir kwenye wimbo wenye jina la albamu inafungua dari.

Bagamoyo ina uhusiano na mtu huyu ambao hautajwi inavyopaswa. Lebo yake ya muziki, Real World, ndiyo iliyotoa Chibite ya Hukwe Zawose mwaka 1996, mwanamuziki Mgogo aliyeishi na kufundisha hapahapa hadi alipofariki mwaka 2003. Mwaka 2024 lebo hiyohiyo imetoa Maisha ya The Zawose Queens, Pendo na Leah, binti na mjukuu wa Hukwe. Weka Maisha mara baada ya i/o. Usisikilize vyombo vya kisasa vilivyoongezwa. Sikiliza ilimba, ile marimba ya vidole, na zeze chini yake, kipande kifupi kinachozunguka, kikibadilika kwa noti moja au mbili kila mzunguko, huku sauti za wanawake zikipishana juu kwa mpango wao wenyewe. Ni ile bahari tena, na imekuwepo Ugogo kabla ya santuri. Mtu aliyekua akisikia ilimba ana sikio tayari kwa progu, kinachobaki ni kuzoea gitaa.

Na kuzoea hesabu. Midundo mingi ya ngoma za pwani inakaa kwenye sita au kumi na mbili, mikono ikigawa tatu dhidi ya mbili. Progu inapenda saba, na mwanafunzi wa ngoma pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, anayejaribu kuipiga kwa mara ya kwanza huanguka kwenye mpigo wa saba, kwa sababu mwili unadai wa nane. Usihesabu hadi saba kwa mstari mmoja. Gawa: moja mbili, moja mbili, moja mbili tatu, mkono ukipiga paja kwenye kila "moja", na ile "tatu" ya mwisho iwe nyepesi bila kusimama. Mazoezi mazuri ni "Solsbury Hill" ya Gabriel huyohuyo, ya 1977, iliyo kwenye saba karibu muda wote na haisikiki kama mtihani wa hesabu. Piga paja lako kuanzia mwanzo. Mwishoni mwa kila kiitikio kuna mizunguko miwili ya hesabu ya nne. Hapo mkono utateleza mara ya kwanza, na ya pili. Mara ya tatu anza tena polepole zaidi, na mguu uutulize, maana ndio unaokudanganya.